Cheo cha meneja au kazi itakayonikuza? Jibu kwa mhasibu anayetaka kuhama

Swali: "Shikamoo mama. Nina umri wa miaka 31, ni Mhasibu Mwandamizi katika kampuni ya usafirishaji wa mizigo hapa Dar es Salaam, na mitihani ya CPA, ile ya juu ya uhasibu, niliimaliza mwaka juzi. Nimepata kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni Meneja wa Fedha na Utawala katika kampuni ya familia inayouza vifaa vya ujenzi. Mshahara ni shilingi 2,300,000, nitakuwa na ofisi yangu mwenyewe, na chini yangu kutakuwa na keshia mmoja na mtunza stoo. Ya pili ni katika kampuni ya viwanda yenye kampuni tanzu nne, yaani kampuni nyingine zilizo chini yake, kwenye kitengo kinachoandaa taarifa za fedha za kundi zima. Mshahara ni 2,050,000, lakini barua inaniita 'Mhasibu' tu, bila hata hilo neno Mwandamizi. Mama yangu mzazi anasema nikikubali ya pili nitakuwa nimejishusha cheo kwa mikono yangu mwenyewe. Nichague ipi?"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwa maelezo uliyonipa, ningechagua kazi ya pili, ila nisingesaini barua ile kama ilivyo. Nitakueleza kwa nini, kisha nitakueleza mambo ya kuomba yabadilishwe kabla hujaweka sahihi.

Kwanza tuelewane kuhusu cheo chenyewe. Katika utumishi wa umma cheo kina kipimo. Mhasibu Daraja la II, Daraja la I, Mwandamizi na Mkuu ni ngazi zilizoandikwa kwenye muundo wa utumishi, kila moja ina sifa zake na mshahara wake, na Mhasibu Mwandamizi wa halmashauri ya Lindi analingana na mwenzake wa Bukoba. Katika sekta binafsi hakuna muundo wa namna hiyo unaozifunga kampuni zote. Mwenye kampuni anaweza kumwita meneja mtu yeyote anayemtaka, na hakuna chombo kitakachomuuliza. Ndiyo maana jina la cheo, likitoka kampuni moja kwenda nyingine, halina thamani moja. Meneja wa Fedha wa benki na Meneja wa Fedha wa duka la jumla wanashiriki maneno matatu tu.

Nayasema haya kwa sababu nilipita njia hiyo. Nikiwa na miaka 29 nilipewa cheo cha Meneja wa Fedha katika kampuni ndogo ambayo sitaitaja. Nilifurahi kwa dhati, na nyumbani walifurahi kuliko mimi. Lakini mwezi ulikuwa ni uleule, ukirudi na kurudi. Katika siku saba za mwanzo nilihangaika na kodi ya mishahara, kufikia tarehe 20 ritani ya VAT iwe imekwenda, katikati nililinganisha daftari la benki na taarifa ya benki, nilihesabu fedha ndogondogo za ofisi, na nilipiga simu kwa wateja wasiotaka kulipa. Mkopo ulipochukuliwa, niliambiwa baada ya mkataba kusainiwa. Bei zilipangwa na mwenye mali, bajeti ilikuwa kichwani mwake, na hesabu za mwisho wa mwaka aliziandaa mtu wa nje ambaye alikuja Machi na kuondoka na mafaili yangu. Miaka mitatu ilipita hivyo, nikaomba kazi katika kampuni kubwa, nikaitwa kwenye usaili.

Jopo lilikuwa la watu wanne. Mmoja wao, bila haraka, aliniuliza hivi: kampuni mama ina asilimia 60 ya hisa za kampuni tanzu, imeiuzia bidhaa kwa faida, na nusu ya bidhaa hizo bado ziko stoo siku ya kufunga mwaka. Ile faida iliyomo ndani ya bidhaa utaifanyaje unapounganisha hesabu za kundi? Jibu nililijua, kwa kuwa nililisoma wakati wa mtihani, na nikalitoa vizuri. Kisha akauliza, "Umewahi kuifanya kazini?" Nikasema hapana. "Rasimu ya hesabu za mwaka umewahi kuiandaa na kuitetea mbele ya wakaguzi wa nje?" Nikasema hapana. Aliandika neno moja kwenye karatasi yake, akafunga kalamu. Nilikuwa nimejiandaa kueleza cheo changu, na hakuna aliyekiuliza.

Baadaye nami nilikaa upande ule wa meza, kwa miaka mingi, na sasa najua jopo linavyosoma wasifu. Cheo kinasaidia karatasi yako isiwekwe kando siku ya kuchuja maombi, na hilo si jambo dogo. Ukishaingia chumbani, maswali ni mengine kabisa. Ulisimamia watu wangapi, na ulikuwa unasahihisha nini katika kazi zao? Hesabu za mwisho aliandaa nani? Mkaguzi alipopinga makadirio yenu ya madeni yasiyolipika, nani alikaa naye? Mtu ambaye cheo chake ni kikubwa kuliko kazi aliyoifanya hujulikana kwenye swali la pili au la tatu, na anayeumia zaidi ni yule ambaye cheo kilimfanya aombe nafasi za juu zaidi. Anaitwa mara nyingi, haajiriwi, na hajui kwa nini.

Sasa tuzitazame kazi zako mbili kwa macho hayo. Chukua jambo moja tu, pango la ghala. Kampuni ya vifaa vya ujenzi, ikiwa inatumia kiwango cha kimataifa cha uhasibu kilichotungwa kwa ajili ya kampuni ndogo na za kati, kodi ya ghala kwa kawaida itaiandika kama gharama ya mwezi, na habari itaishia hapo. Kampuni inayotumia IFRS kamili, yaani viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, tangu tarehe 1 Januari 2019 inalazimika kufuata IFRS 16, kiwango cha mikataba ya kukodi. Mkataba wa pango wa miaka mitano unaingia kwenye mizania kama deni na kama haki ya kutumia mali, na lazima mtu akae achague kiwango cha riba, akokotoe thamani ya leo ya malipo yajayo, atenganishe riba na uchakavu, na arudie hesabu mkataba unapobadilishwa. Kundi lenye kampuni tanzu nne linaweza kuwa na mikataba ya namna hiyo kadhaa, ya maghala, malori na ofisi. Wahasibu waliokuwa ndani ya vitengo vya taarifa za fedha mwaka ule wa 2019 walikijua kiwango hicho kwa mikono yao. Sisi tuliokuwa kwingine tulikwenda semina.

Na nafasi kama ile inakuja tena. IFRS 18, inayobadilisha namna taarifa ya faida na hasara inavyopangwa na kuchukua nafasi ya kiwango cha zamani, IAS 1, inaanza kutumika kwa vipindi vya mwaka vinavyoanza tarehe 1 Januari 2027 au baadaye, na takwimu za mwaka unaotangulia zitabidi zipangwe upya ili zilinganishwe nazo. Kitengo hicho ulichoitwa ndicho kitakachofanya kazi hiyo, na mhasibu aliyeifanya kwa kampuni tano kwa mpigo atakuwa na kitu cha kueleza kwenye usaili wowote, Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, kwa kuwa viwango ni vilevile.

Lipo na suala la nani atakusahihisha. Hili vijana hawalihesabu, na kwangu mimi linazidi mshahara. Katika kampuni ya familia wewe ndiye utakayejua uhasibu kuliko wote. Kosa lako halitaonwa na mtu mpaka TRA au mkaguzi alione, na siku hiyo litakuwa limekwisha kuwa na faini juu yake. Katika kitengo kile kingine kutakuwa na mtu atakayerudisha kazi yako ikiwa na alama za kalamu. Inauma, naelewa, hasa ukiwa umezoea kuwa mwandamizi. Ila ni hapo mtu anapokua. Kumbuka pia kwamba NBAA, bodi inayosajili wahasibu, kwa mtu anayetaka kusajiliwa, haitazami mtihani peke yake bali na uzoefu wa vitendo. Kama bado hujakamilisha hatua hiyo, uliza kila upande kama yupo mhasibu aliyesajiliwa ambaye utafanya kazi chini yake.

Wazee wa TANU walikuwa na ahadi isemayo cheo ni dhamana, na katika kazi yetu maneno hayo yana uzito wa ziada. Anayeitwa Meneja wa Fedha ndiye anayeulizwa. Ritani ikichelewa, fedha ya stoo ikipotea, risiti za mashine zisipolingana na mauzo, utaulizwa wewe, hata kama hukuwa na uwezo wa kuzuia. Ndiyo sababu ninaogopa cheo kisicho na mamlaka kuliko ninavyoogopa kazi isiyo na cheo.

Tena kuna jambo la kisheria ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada hulipwa kwa mara moja na nusu. Lakini masharti hayo ya saa za kazi hayamhusu mfanyakazi anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na anayewajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Meneja wa Fedha na Utawala mwenye watu wawili chini yake, anayeripoti kwa mwenye kampuni, anaweza kuangukia hapo. Jumamosi za kuhesabu stoo, na usiku wa kufunga mwaka, vinaweza kuwa sehemu ya cheo bila malipo yoyote. Kumbuka pia neno "Utawala" lililobandikwa kwenye cheo hicho. Kwa uzoefu wangu, katika kampuni ndogo neno hilo hubeba likizo za madereva, bima za magari, jenereta iliyoharibika na mgeni wa mwenye mali anayehitaji kupokelewa uwanja wa ndege. Muulize mwajiri, kwa upole, ni sehemu gani ya wiki inakwenda kwenye utawala. Akikujibu kwamba "ni mambo madogomadogo tu", dadisi zaidi.

Mshahara nao tuuhesabu kama wahasibu. Tofauti ya kazi mbili hizi ni shilingi 250,000 kwa mwezi kabla ya makato. Ondoa asilimia 10 ya NSSF, yaani 25,000. Zinabaki 225,000, na kwa kuwa mishahara yote miwili imevuka milioni moja, tofauti yote inaangukia kwenye kiwango cha juu cha kodi, asilimia 30, ambayo ni 67,500. Mkononi zinabaki 157,500. Kama bado unalipa mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi itachukua 37,500 nyingine, na utabaki na 120,000. Sisemi kwamba fedha hiyo ni ndogo. Kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba na ada ya mtoto ni fedha ya maana kabisa, na kama una mzigo ambao hauwezi kubebwa bila hiyo, basi hesabu yako ni tofauti na yangu na usione aibu kuifuata. Ninachotaka ni uipime tofauti hii kwa ukubwa wake halisi, usije ukaibeba kichwani kama robo milioni.

Kwa kuwa napenda haki, nieleze pia ni lini ningekuambia uchukue ile ya umeneja. Kuna kampuni za familia ambapo mwenye mali amechoka, watoto wake wamesomea mambo mengine, na anatafuta mtu wa kumkabidhi mezani kila kitu, kuanzia mazungumzo na benki kuhusu mkopo wa kuagiza mabati, mpaka bajeti ya mwaka, bei, na hesabu za mwisho. Mahali kama hapo mtu wa miaka 31 anajifunza kwa miaka miwili mambo ambayo kwenye kampuni kubwa angeyagusa akiwa na 45. Omba kukutana na mwenye kampuni mwenyewe, umuulize mambo haya: Nani anaidhinisha malipo, na mimi nitaidhinisha mpaka kiasi gani? Nani atakaa na benki na wakaguzi? Hesabu za mwaka uliopita naweza kuziona? Aliyekuwa kwenye nafasi hii kabla yangu alikaa muda gani, na aliondoka kwa sababu gani? Mtu mwenye nia ya kukukabidhi kazi atajibu bila kuona vibaya. Anayetaka sahihi yako tu atakwambia, "Wewe njoo kwanza, hayo tutayaongea."

Na cheo kina mahali pake. Matangazo mengi ya kazi za juu hudai miaka kadhaa katika nafasi ya uongozi, na anayechuja maombi mia tatu hana muda wa kusoma aya uliyoandika kueleza kwamba "Mhasibu" wako ulikuwa mkubwa kuliko unavyosikika. Ndiyo maana sikushauri uikubali ile barua ya pili kama ilivyo. Umekwisha kuwa Mwandamizi, na kuondolewa neno hilo kutaonekana kwenye wasifu wako kama kurudi nyuma hata kama kazi yenyewe ni kubwa zaidi. Kwa kampuni ile neno moja haligharimu shilingi hata moja. Omba uitwe "Mhasibu Mwandamizi, Taarifa za Fedha za Kundi". Ukiambiwa kwamba muundo wao hauruhusu, uliza muundo huo una ngazi zipi, anayetoka ngazi yako kwenda inayofuata hupimwa kwa vigezo vipi, na omba iandikwe kwamba utapimwa baada ya miezi 12. Zungumza kwa heshima na bila kutishia kwamba una kazi nyingine. Inatosha kusema kuwa cheo chako cha sasa ni hicho na ungependa kisipotee.

Sharti la pili ni zito kuliko hilo la jina. Ukubwa wa kampuni si ukuaji. Nimewaona wahasibu wazuri waliokwenda kwenye kampuni kubwa wakawekwa kwenye pembe moja, wakaingiza ankara za wasambazaji kwenye mfumo kwa miaka minne, na wakatoka wakijua kubofya vitufe vya mfumo ule tu. Kama hiyo ndiyo kazi itakayokusubiri, yote niliyoandika juu ya viwango na makundi ya kampuni hayatakuhusu, na bora uende ukawe meneja wa keshia mmoja. Kwa bahati nzuri sheria ileile ya 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya ajira yako, na majukumu ya kazi ni sehemu yake. Yaombe kabla ya kusaini, uyasome kwa makini. Tafuta vitenzi. Kama yanasema utaandaa, utaunganisha, utachambua na utawasilisha kwa wakaguzi, ni vizuri. Kama yanasema utasaidia, utaingiza, utahifadhi mafaili, na mstari wa mwisho unasema "na kazi nyingine utakazopangiwa", rudi ukaulize. Zungumza pia na mtu mmoja aliyemo kitengoni sasa. Muulize alikuwa anafanya nini alipoingia, na anafanya nini leo.

Kuhusu mama yako, usibishane naye. Yeye ameishi katika nchi ambayo cheo kilimtofautisha mtu aliyepata matibabu na aliyeambiwa asubiri dirishani, na anachotaka ni wewe usidharauliwe. Keti naye jioni moja, umweleze kazi yenyewe kwa Kiswahili chepesi: kwamba sasa unashika hesabu za kampuni moja, na huko utashika za kampuni tano na kuzifanya moja. Nadhani ataielewa kuliko unavyotarajia. Mama yangu mimi alielewa, ingawa ilinichukua miaka mitatu ya umeneja kupata cha kumweleza.

Mwisho, utaratibu wa kuondoka. Usiandike barua ya kujiuzulu mpaka barua mpya iliyorekebishwa iwe mkononi mwako na imesainiwa na pande zote mbili. Ahadi ya simu ya afisa rasilimali watu si ajira. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi isipungue siku 28, labda mkataba wako uwe umeweka muda mrefu zaidi, kwa hiyo usome kwanza. Jua pia kwamba katika miezi sita ya mwanzo kwa mwajiri mpya hutakuwa na ile kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki, na hilo litakuwa hivyo popote utakapokwenda. Weka akiba ya miezi miwili au mitatu kabla ya kuhama. Na katika siku hizo 28, funga mwezi wako vizuri, andika makabidhiano yenye salio la kila akaunti, na mwombe msimamizi wako wa sasa athibitishe kwa maandishi kazi ulizozifanya chini yake, wakati bado anakukumbuka.